Barua ya Chuo Imefika, Fedha Je?

Hotuba kwa wazazi na walezi wa wahitimu wa kidato cha sita, Makambako, mkoani Njombe. Salamu ndefu za itifaki zimepunguzwa.

Kamwene!

(Kamwene!)

Mheshimiwa Diwani, watendaji wetu wa kata na mitaa, wachungaji na mashehe, wazazi na walezi wenzangu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma mkijifanya mnachati: asanteni kwa kuja. Najua kuna mtu hapa ameacha magunia ya viazi barabarani anasubiri fuso, na roho yake iko huko. Sitamchelewesha.

Nimeombwa niseme juu ya mikopo ya elimu ya juu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa nyuma ya dirisha la uhasibu la chuo. Kila msimu wa kufungua chuo nilimwona mzazi yule yule, hata kama sura ni tofauti. Ametoka mbali, amelala kwenye basi, ana bahasha ya khaki ameikumbatia. Anatoa barua ya udahili, anainyoosha vizuri juu ya kaunta, halafu anatulia. Anasubiri. Ukimuuliza, "Mzazi, umekuja kulipa kiasi gani?" anashtuka. Kwake yeye kazi ilikwishakwisha. Mtoto amefaulu, chuo kimemwita, jina limetoka. Sasa unamdai nini tena?

Barua ile inasema jambo moja: mtoto ana sifa na nafasi yake ipo. Nani atalipa, haisemi. Hilo linaanza kushughulikiwa siku barua inapofika, na kwa bahati mbaya siku hiyo ndiyo sisi tunachinja mbuzi.

Siwalaumu sana, maana sisi wa rika langu tuliharibiwa na zama zetu. Tuliosoma chuo miaka ya themanini serikali ililipa ada, ikalipa chakula, ikatoa na waranti ya kusafiria. Ulipanda treni ya TAZARA hapa hapa Makambako, ukashuka Dar es Salaam mfukoni huna hata nauli ya kurudi, na usingizi unakuja. Zama hizo zimepita. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya tisini, Sheria namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: anayehitaji anaomba, Bodi inapima uhitaji wake, inampa kwa kadiri ya uhitaji huo na kwa kadiri ya fungu lililopo. Ukisikia mtu anasema "mkopo ni haki ya kila mtoto", muulize amesoma wapi. Sharti ni kuomba na kuthibitisha.

Tatizo letu watu wa huku Nyanda za Juu Kusini ni kwamba mambo yote yanakutana. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai. Dirisha la mikopo linafunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa kabla vyuo havijafunguliwa. Wakati huo huo watoto wetu wengi wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, simu hawana, wanakimbia mchakamchaka. Na wakati huo huo tena ndio mahindi yametoka shambani, bei iko chini, kila mtu anauza kwa sababu kila mtu ana shida. Kwa hiyo fomu inajazwa na nani? Inajazwa na mama, akisaidiwa na kijana wa steshenari.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea.

Yule kijana wa steshenari si mtu mbaya. Anafanya kazi yake, na foleni ni ndefu. Lakini angalia anavyofanya. Mama hana baruapepe, anamwekea ya kwake. Namba ya simu ya mtoto imezimwa, anaweka ya kwake. Neno la siri analibuni mwenyewe na kuliandika kwenye daftari lake la kaunta, kati ya hesabu ya vocha na hesabu ya fotokopi. Mwezi mmoja baadaye Bodi inatuma ujumbe: fomu yako ina kasoro, rekebisha kabla ya tarehe fulani. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kijana yule, ambaye kwa sasa amehamia Tunduma kufanya biashara nyingine. Mtoto anatoka JKT mwembamba, mweusi, ana nidhamu kweli kweli, na hajui kwamba fomu yake imekwama tangu mwezi uliopita.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, kila kijana aliyeko humu aingie kwenye akaunti yake ya maombi yeye mwenyewe. Akishindwa kuingia, tujue leo. Ajiridhishe kwamba namba ya simu iliyoko mle ni ya kwake au ya mzazi wake. Halafu aangalie mambo ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yanayoangusha fomu: ukurasa wa sahihi. Fomu inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, na mdhamini, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha inapandishwa tena kwenye mfumo. Watu wanapandisha ukurasa usiosainiwa. Au wanasaini wote, mhuri wa mtaa unasahaulika kwa sababu mwenyekiti aliuacha nyumbani. Mheshimiwa Diwani, nakuomba hapa mbele za watu: msimu wa mikopo wenyeviti watembee na mihuri yao. (Kicheko na makofi.)

Jambo jingine ni majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto anaitwa kwa majina matatu, kwenye cheti cha kidato cha nne mawili, na moja kati ya hayo limeandikwa kwa herufi tofauti. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na cha kifo cha mzazi vilevile. Mfumo haujui kwamba "Kihongosi" ni yule yule aliyeandikwa "Kihongozi" na mwalimu wa darasa la kwanza. Mwenye tatizo hilo aende kwa wakili akapate kiapo cha majina, aambatanishe. Na aliyerudia mtihani wa kidato cha nne atumie namba ya mtihani ile ile aliyoombea chuo. Ukiomba chuo kwa namba moja na mkopo kwa namba nyingine, kwa mfumo hao ni watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ameomba mkopo hana chuo.

Na wale waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisheni chuo kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye simu. Usipothibitisha, hata mkopo hauna pa kwenda.

Nigusie na lile la uongo, maana lipo na wote tunalijua. Baba mzima yuko hai, yuko kilabuni anakunywa ulanzi, kwenye fomu ya mtoto ni marehemu. Sasa cheti cha kifo kinaangaliwa kwenye kumbukumbu za RITA. Mnamuua mtu kwa karatasi ili kupata mkopo, na matokeo yake mtoto anakosa hata kile ambacho angepata kwa kusema ukweli, maana kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ile ni kosa kisheria. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ziandike namba ya kaya yao. Mtoto mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, fomu yake isainiwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyesomeshwa sekondari na shirika au kanisa alete barua ya waliomsomesha. Ukweli wetu wenyewe unatosha, tatizo ni kwamba hatuuambatanishi.

Sasa twende kwenye hesabu.

Mkopo wa Bodi si kitu kimoja. Una mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Mtoto anaweza kupata fungu moja lote, jingine nusu, jingine asipate kabisa. Jioni ya majina kutoka utasikia mtaani "Amepata mkopo!" watu wanapiga vigelegele. Hakuna anayeuliza amepata nini katika mkopo.

Chakula na malazi siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku. Hilo ndilo vijana wanaliita bumu. Siku 60 ni laki sita, na linakuja kwa mikupuo. Ada ya programu nyingi katika vyuo vya umma iko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, vyuo binafsi mara nyingi ni zaidi. Sasa tumchukue mtoto wa mfano, msitafute ni wa nani. Ada yake ni 1,300,000. Bodi imempa bumu lote, ada imempa nusu. Watu wote wanasema amepata. Familia inadaiwa 650,000 ya ada kwa mwaka, yaani 325,000 kwa muhula wa kwanza kama chuo kinaruhusu kulipa kwa muhula.

Halafu kuna lile ambalo wauza viazi wa Makambako mnalielewa kuliko mtu yeyote: lumbesa. Mnunuzi anasema gunia moja, halafu analivalisha kilemba. Na ada ya chuo ndivyo ilivyo. Mkiisoma ile fomu ya kujiunga hadi ukurasa wa tatu mtaona kilemba chenyewe: bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF, ambayo imekuwa 50,400 kwa mwaka, ada ya ithibati ya TCU, 20,000, fedha ya tahadhari, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, uchunguzi wa afya. Bodi hailipi kilemba. Tuchukue hiyo bima na hiyo ya TCU peke yake, 70,400.

Halafu bumu haliji siku mtoto anaposhuka stendi. Anatakiwa kwanza asajiliwe, jina lifike Bodi, asaini, benki iingize. Kabla ya hapo anakula na kulala. Hosteli za chuo hazitoshi, atapanga mtaani, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Chumba cha 50,000, miezi sita ni laki tatu. Chakula cha 5,000 kwa siku, siku 30, laki moja na nusu. Jumlisheni: 325,000, na 70,400, na 300,000, na 150,000. Ni 845,400. Bado nauli, godoro, ndoo, jiko dogo la gesi na blanketi. Na huyu ni mtoto aliyepata mkopo.

(Ukumbi unanung'unika.)

Naam. Ni heri mnung'unike hapa kuliko mbele ya dirisha la uhasibu, maana pale nyuma yenu kuna foleni.

Ninachowaomba wazazi ni kitu kimoja tu, na mkisahau mengine yote msisahau hiki. Hesabu hii ifanyeni mezani, kwa karatasi na kalamu, na mtoto akiwepo. Sisi tuna tabia ya kuficha hali zetu mbele ya watoto. Mtoto akiuliza, "Baba, fedha ya chuo ipo?" baba anajibu, "Wewe soma tu, hayo niachie mimi." Jibu la kiume kabisa. Mtoto anaamini. Anachagua chuo kilicho mbali zaidi, programu yenye ada kubwa zaidi, kwa sababu baba amesema aachiwe. Baba mwenyewe hana kitu, anategemea kaka yake wa Dar ambaye hajamwambia. Mnakutana wote Novemba, kila mmoja ameshika ahadi ya mwenzake.

Nimewaona vijana wa miaka kumi na tisa wakipewa hesabu ya kweli ya nyumbani, na hawakuvunjika. Walipunguza. Mmoja alichaguliwa Dar es Salaam na Mbeya kwa kozi ile ile. Familia iliweka vyote viwili kwenye karatasi. Dar kuna shangazi, mtasema, atakaa bure. Shangazi yuko Gongo la Mboto na chuo kiko Mlimani. Andika nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku, andika saa anazokaa barabarani, andika na kazi za nyumbani ambazo mtoto wa kaka hawezi kukataa. Kijana mwenyewe alithibitisha Mbeya. Hapa kwetu tuna bahati ambayo hatuisemi: Mbeya kuna MUST, kuna ndaki ya Mzumbe, kuna TEKU, Iringa kuna Mkwawa, kuna RUCU, kuna Chuo Kikuu cha Iringa. Kote huko ni saa chache kwa basi, na gunia la mahindi na debe la maharage vinapanda buti la basi bila shida. Sisemi asiende Dar mtoto ambaye kozi yake iko Dar. Nasema pawe na karatasi.

Na kwenye karatasi hiyo andikeni fedha itatoka wapi, kwa majina ya vitu. Niseme juu ya miti, kwa sababu najua humu ndani kuna watu wana mashamba ya misindano. Kila msimu wa vyuo madalali wanazunguka vijijini. Wanajua tarehe za kufungua chuo kuliko ninyi. Anakuja siku kumi kabla, anakuta mzee amechanganyikiwa, miti ina miaka saba, minane, bado michanga. Anaitaja bei ya kukuvunja moyo na unaikubali, halafu yeye anaiacha palepale shambani ikue. Kama miti lazima iuzwe, iuzwe Julai, ukiwa na uwezo wa kusema hapana. Uza sehemu, usiuze shamba zima. Mahindi vilevile: anayeweza kusubiri bei ya NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, asubiri, na mwenye kikoba au SACCOS aombe mkopo mapema akiwa bado ana hisa nzuri, asiende wiki ya mwisho pamoja na wanachama wote.

Sasa rufaa.

Majina ya mikopo hutoka kwa awamu. Ya kwanza ikitoka na jina la mtoto halimo, msianze kulia wala kumtafuta mtu wa "kumpitisha". Wapo vishoka wanaopiga simu kipindi hicho, "mimi niko Bodi, tuma laki mbili jina liingie awamu ya pili." Hakuna awamu inayouzwa. Angalieni kwanza kama fomu ilikuwa kamili na kama udahili umethibitishwa. Subirini awamu inayofuata. Baada ya hapo Bodi hufungua dirisha la rufaa, kwa aliyekosa na kwa aliyepata kidogo. Linakaa wazi kwa siku chache. Rufaa nyingi hushindwa kwa sababu moja: watu wanarudia kusema kile kile walichokisema mwanzo, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Nimesoma barua hizo, vijana walikuja nazo ofisini niwasaidie. Kurasa tatu. "Mimi ni mtoto wa maskini mkulima, nimetoka katika mazingira magumu, naomba mnionee huruma, Mungu atawabariki." Kila neno ni kweli, na hakuna hata moja linaloweza kupimwa. Yule anayesoma ana maelfu ya wakulima maskini mbele yake. Hawezi kukupa wewe kwa sababu umelia vizuri.

Nilimwona mama mmoja kutoka huku kwetu aliyefanya tofauti. Mume wake alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma. Fomu ilijazwa wakati bado ana kazi. Baadaye akapooza upande mmoja. Mama yule alikuja na faili la plastiki la kijani. Ndani mlikuwa na cheti cha hospitali chenye tarehe ya kulazwa, barua ya mwajiri ya kusitisha kazi, kadi ya kliniki ya mazoezi ya viungo, barua ya mtendaji, na karatasi moja ya daftari ambayo bintiye aliandika mapato ya nyumba kabla na baada. Nusu ukurasa. Hakukuwa na neno "huruma" mle. Rufaa ile ilielezeka kwa sentensi moja: tulipoomba baba alikuwa anafanya kazi, sasa hafanyi, ushahidi huu hapa. Majibu yalibadilika.

Kwa hiyo anayekata rufaa ajiulize: ni kitu gani ambacho Bodi haikukijua siku ile ya kwanza? Kifo, ugonjwa, kuachishwa kazi, mdogo wake aliyeingia chuo mwaka huo huo, cheti ambacho hakikuambatanishwa. Kama hakuna kipya, rufaa ni dhaifu, na ni bora familia irudi kwenye karatasi yake. Kwa mama anayelea peke yake, ambaye baba wa mtoto yuko hai lakini hatoi hata mia, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri uandikishe hali hiyo mapema. Mdomo wako hautoshi, hata kama mtaa mzima unajua.

Aliyekosa kabisa bado ana njia. Anaweza kuanza, na mwaka wa pili akaomba kama mwanafunzi anayeendelea, mradi amefaulu mitihani yake. Anaweza kwenda kwa mhasibu wa chuo na kuomba kulipa kwa awamu. Na hapa nawaambia siri ya watu wa dirishani: tunamsikiliza zaidi mzazi aliyekuja wiki ya kwanza na shilingi laki moja na mpango wa maandishi, kuliko yule anayekuja siku moja kabla ya mtihani na machozi. Anaweza pia kuahirisha mwaka kwa barua rasmi, chuo kikakubali, nafasi ikabaki. Kuahirisha si aibu. Aibu ni kukaa mtaani Dar es Salaam bila usajili, unapiga simu nyumbani unasema masomo yanaendelea vizuri. Hao nawajua pia.

Wale waliofaulu sana masomo ya sayansi wasisahau Samia Scholarship, inayolipa gharama za masomo kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita na wanaosomea sayansi, uhandisi, hisabati na tiba. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inatoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada. Mzazi mwenye mtoto wa afya au ualimu wa sayansi ngazi hiyo aulizie.

Kuna mzazi ameniuliza pale mlangoni juu ya Marekani. Mtoto wake amepata chuo kule kupitia wakala. Mzee wangu, nakujibu hadharani ili wengine wasikie. Misaada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi ni ya raia wao na wakazi wachache wanaostahili, wetu hawamo. Vipo vyuo tajiri, kama Harvard, Yale na MIT, vinavyompima mtoto wa kigeni kwa uhitaji wa familia na kumlipia, lakini kuingia kwake ni kugumu. Chuo kikikupa sehemu tu ya ada, utatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza kabla hata ya kuomba viza. Na kule nako wanapokea rufaa, na wanataka kile kile alichokuwa nacho yule mama wa faili la kijani. Wakala anayekwambia "lipa kwanza, ufadhili utakuja ukifika" achana naye.

Nimalizie na hofu ya deni, maana wazee wengine wanawazuia watoto kuomba. "Mtoto wangu asianze maisha na madeni." Naelewa. Deni hili ni la mtoto, si la shamba lako. Baada ya kuhitimu ana miezi 24 kabla ya kuanza kulipa. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000. Si kidogo, na kijana mwenye familia changa atalalamika, ana haki. Lakini mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyofanya deni livimbe, na ikaondoa adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kuanza kulipa. Ukilinganisha na mkopo wa mtaani wa riba ya mwezi ambao mtauchukua Novemba mkiwa mmebanwa, huu wa Bodi ni nafuu kwa mbali.

Mama pale nyuma, naona mkono. Sema, mama. (Anauliza: ana wawili, mmoja amepata chuo, mwingine anaingia kidato cha tano, fedha inatosha mmoja.)

Mama, anza na yule wa kidato cha tano, kwa sababu yeye hana Bodi. Shule za serikali kidato cha tano hazidai ada tena, lakini godoro, sare na nauli ni vyako peke yako, hakuna wa kukukopesha. Yule wa chuo ana mkopo wa kuomba, ana rufaa, ana mhasibu wa kuzungumza naye, na ana miaka ya kutosha kufanya kibarua cha likizo kwenye chai au mbao. Mkalishe leo, mwambie hivyo hivyo nilivyokwambia, ataelewa kuliko unavyodhani. Halafu nakuona una bahasha, usiondoke nayo. Wote mnaoshindwa kuingia kwenye akaunti zenu, njooni meza ile ya dirishani na simu, namba ya mtihani ya kidato cha nne na jina la steshenari iliyowajazia. Tuanze na waliotoka mbali.